Anayenitania Aje na Msibani

Kuna maneno matatu ya Kiswahili niliyoyachoka kuliko mengine yote: "Ni utani tu."

Hayatangulii hata siku moja. Husemwa mtu akishaumia, kama dereva anayekurushia maji ya dimbwi kisha anakupungia mkono dirishani. Na mara nyingi kilichosemwa kabla yake hakikuwa utani. Hilo ndilo ninalolibishia hapa, na ninabishana na watu wa rika langu, wenye vyeti kama vyangu, ambao wamelichukua neno la wazee, wakalitoa utumbo, wakabaki na ngozi.

Mimi ni Msukuma. Nasoma shahada ya umahiri jijini Dar es Salaam, na wiki iliyopita nilikuwa Buseresere nikikusanya data kuhusu Kiswahili kinachosemwa machimboni. Kuanzia Jumatatu nilitaniwa na abiria, mama lishe, bodaboda na wachimbaji wenye vumbi hadi kwenye kope. Sikuumia hata mara moja. Alhamisi jioni nikatumiwa klipu fupi kwenye simu, nikaambiwa nicheke, na hapo nikaumia. Watu wengi niliosoma nao wanasema vitu hivyo viwili ni kimoja. Si kimoja.

Kwa asiyepajua: Buseresere iko Wilaya ya Chato, mkoani Geita, na imeungana na Katoro, ambayo iko Wilaya ya Geita. Ukipita na gari huwezi kujua mji mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Maduka ya simu ni yaleyale, magunia ya mchele na maharage ni yaleyale, bajaji ni zilezile. Bodaboda tu ndio wanaojua. "Dada, tukivuka hapa tumehama wilaya," mmoja aliniambia, "toa pasipoti." Chato yenyewe imehama sana. Ilikuwa sehemu ya Biharamulo, mwaka 2005 ikawa wilaya ndani ya Kagera, na mwaka 2012 ulipoanzishwa Mkoa wa Geita ikaletwa huku. Kuna wazee hapa ambao hawajawahi kuhama nyumba, lakini wameshahama mkoa.

Dhahabu imemleta kila mtu. Wazinza na Wasubi waliokuwa hapa, Wasukuma waliojaa kila kona, Waha, Wahaya, Wakurya, Wachaga wenye maduka, watu wa pwani wenye mabegi ya bidhaa. Watu wasiojuana, wenye hela leo na wasio na hela kesho, wanapanga chumba kimoja gesti na kugombania kiti kimoja kwenye gari. Ukisikiliza wanachoambiana kutwa nzima, kwa sehemu kubwa ni kutaniana.

Jumatatu nilitoka Geita mjini kwa mchomoko, yale magari madogo ambayo mtengenezaji aliyakusudia watu watano na dereva wetu akayakusudia wanane. Nyuma alikaa mama mmoja mwenye jogoo mapajani. Pembeni yake akabanwa kijana wa Kizaramo anayeuza makava ya simu, ambaye hakusubiri hata gari liondoke.

"Mama, huyu jogoo nauli yake analipa nani?"

"Analipa mwenyewe," mama akajibu bila kugeuka. "Ana kazi huyu. Anaamka saa kumi alfajiri. Ninyi Wazaramo mnaamka saa ngapi?"

Gari zima likacheka, na kijana akacheka kuliko wote. Akasema kwao mtu akiamka saa kumi ni kwamba ngoma ndiyo imeisha, sasa anakwenda kulala. Mama akamwambia ndiyo maana wamebaki kuuza makava, simu zenyewe zinauzwa na wengine. Wakaendelea hivyo hadi Katoro. Huko njiani kijana akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Sasa mtani, nikifia huku kwenu mtanizika?"

"Tutakuzika vizuri sana," mama akasema. "Ila hivyo viatu nachukua mimi."

Tulipofika, kijana ndiye aliyemshushia mama gunia lake, akalibeba kichwani hadi ng'ambo ya barabara, huku mama akimfuata na jogoo na kumwambia anatembea kama bibi harusi.

Mtu aliyekulia mjini angeona pale kabila moja linalitukana kabila jingine. Lakini sikiliza swali la kijana. Yuko mbali na kwao na hana ndugu Katoro. Katikati ya kejeli amepenyeza jambo ambalo kila mgeni anaogopa kuliuliza, na amejibiwa "ndiyo" mbele ya mashahidi saba. Viatu ndiyo malipo ya mkataba.

Na ni mkataba wa zamani. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma iliteremka kutoka bara kwenda Bagamoyo ikibeba pembe za ndovu, na njia yake ilipita Uzaramo. Mtu anayepita nchi ya watu kwa miguu, na mzigo begani, anahitaji maji, mahali pa kulala, na mtu wa kumfukia akifa njiani. Katika mahitaji hayo utani kati ya watu wa bara na watu wa pwani ulipata kazi yake. Kwingine ulizaliwa kwa vita: watu waliopigana, wakachoka, wakakubaliana kwamba tangu sasa watapigana kwa maneno. Nyumbani upo kati ya babu na mjukuu, kati ya mashemeji. Kila mahali una sura mbili zisizotengana. Nina haki ya kukucheka, na nina wajibu kwako siku ya shida.

Wasomi waliliona hilo mapema. Mtaalamu wa ndege R. E. Moreau, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alijikuta katika miaka ya 1940 akiandika makala kuhusu utani wa Tanganyika. Nampenda mtu huyu: ametumwa kuchunguza ndege, amerudi na habari za watu wanaotaniana. Mwaka 1940 Radcliffe-Brown naye aliandika makala inayosomwa hadi leo, akieleza utani kama uhusiano ambamo mmoja anaruhusiwa, na pengine analazimika, kumdhihaki mwenzake, na mwenzake hatakiwi kukasirika. Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikusanya maelezo ya utani wa makabila mbalimbali nchini, yakatoka katika majalada yaliyohaririwa na Stephen Lucas.

Wenzangu wamelisoma hilo la "hatakiwi kukasirika" na wanalitumia kama rungu. Neno linalotangulia hawalitaji: uhusiano. Asiyetakiwa kukasirika ni yule aliye ndani ya uhusiano, ambaye kesho ana zamu yake ya kudhihaki na keshokutwa ana haki ya kuzikwa. Ukiondoa uhusiano, ukabakiza dhihaka na amri ya kutokukasirika, unachopata kina jina jingine, na si jina zuri.

Jumatano nilikuwa kwenye maduara. Msimamizi wangu wa utafiti alisisitiza nianze na dodoso, nami nikaanza nalo. Swali la nne liliuliza kipato cha mwezi.

"Dada," akasema mchimbaji mmoja, "mwezi una siku thelathini. Mimi nina hela siku mbili. Niandikie siku ipi?"

Wenzake wakaanza kumjibia. Mmoja akasema niandike siku anayolipwa, ili mke wake akisoma tasnifu yangu ajue alifichwa nini. Nikaliweka dodoso chini, nikawasha kinasa sauti. Ndani ya dakika kumi nilikuwa na data nyingi kuliko nilizopata asubuhi nzima, kwa sababu utani ndio uliokuwa Kiswahili chao cha kazi.

Shimo lao linashuka chini kiasi cha kutoona mwisho. Mtu anateremshwa kwa kamba iliyopitishwa kwenye roda, mwenzake juu ameishika. Mchana ule aliyekuwa anateremka ni Muha wa Kasulu, aliyeshika kamba ni Msukuma.

"Muha," wa juu akaita, "ukiona reli huko chini ujue umefika kwenu, Kigoma mwisho wa reli."

Sauti ikapanda kutoka gizani: "Nikiona ng'ombe nitakuita. Najua utaruka mwenyewe bila kamba."

Wakaendelea kurushiana. Nilidhani ni kupoteza muda hadi mzee mmoja aliyekuwa anaponda mawe aliponieleza, bila kuacha kuponda: mtu wa chini akiacha kujibu, wa juu anajua kuna jambo. Huenda hewa imekuwa nzito, huenda amechoka, huenda amegonga kichwa. Kwa hiyo anayemtania hatakiwi kunyamaza, na anayetaniwa hatakiwi kunyamaza. Hawa wawili hawamo katika orodha ya watani ambayo ungeipata kwenye kitabu. Wamejifanya watani wenyewe, pale shimoni, kwa sababu kazi inawalazimu.

Tangu siku hiyo nina swali moja kwa kila anayeniambia ananitania. Kamba yangu umeishika?

Sasa Alhamisi. Kundi letu la WhatsApp la darasa lina watu wa mikoa mingi, wote watu wazima, wote wamesoma. Mmoja akatuma klipu ya mchekeshaji aliyejivika fimbo, kaptura na redio begani, akiigiza Msukuma aliyeingia jengo kubwa mjini. Mlango wa kioo unajifungua wenyewe, naye anaupigia goti: "Mwangaluka!" Kitendo hicho cha kwanza kinachekesha, sikatai. Kuusalimia mlango kwa heshima ni jambo ambalo hata bibi yangu angelicheka. Lakini klipu haiishii hapo. Inaendelea: anaogopa ngazi za umeme, anakula kama mtu aliyefungwa mwaka mzima, anatamka maneno ambayo yanatakiwa kuwa Kisukuma na si Kisukuma, ni sauti tu za mtu anayebana pua. Mwisho anafukuzwa na mlinzi. Hapati neno la kujibu tangu mwanzo hadi mwisho.

Chini yake vikaragosi vya kucheka vikajipanga. Mtu akaniita kwa jina: "Dada yetu, hebu tutafsirie." Nikaandika kwamba hakuna cha kutafsiri, hayo si maneno ya lugha yoyote. Jibu likaja haraka: "Ni utani tu jamani. Kwani ninyi Wasukuma si watani zetu?"

Aliyeandika nimekaa naye darasa moja mwaka mzima. Hajui kwetu ni wapi. Hajui kama baba yangu yu hai. Nikifa kesho atatuma alama ya mikono iliyounganishwa, kisha ataendelea na klipu. Yule Mzaramo wa mchomoko, niliyekaa naye chini ya saa mbili, alibeba gunia.

Najua pingamizi, kwa sababu zote zimeshatumwa kwenye kundi. Ya kwanza: ninyi ndio kabila kubwa kuliko yote nchini, na Rais wa awamu ya tano alitoka hapohapo Chato, sasa nani atawaonea? Wingi ni kweli. Urais wa John Magufuli, kuanzia 2015 hadi alipofariki Machi 2021, nao ni kweli. Ila wingi huo haukai darasani pamoja na mtu mmoja. Muhula wa kwanza, kwenye semina, kijana mmoja kutoka Simiyu aliwasilisha kazi yake. Kila herufi ya r iliyomgeukia ikawa l, kicheko kikapita nyuma ya darasa, na aliyekuwa akitufundisha akatabasamu nacho, akarudia neno lile kwa sauti ileile. Ni utani tu. Hiyo ilikuwa semina ya isimu, mahali tunapofundishwa kwamba kila lafudhi ina kanuni zake. Tangu siku ile kijana yule haulizi swali darasani. Huandika swali lake kwenye kipande cha karatasi, anakisukuma mezani hadi kwangu: "Niulizie." Ninayo matatu kwenye daftari. Yote ni maswali mazuri kuliko yangu. Mwisho wa muhula kuna alama za ushiriki, na anazipata aliyesikika.

Pingamizi ya pili inatoka upande wa pili kabisa, kwa watu makini. Wao wanasema suluhisho ni kuacha kabisa kutajana makabila. Nchi hii ilijengwa kwa kutoulizana, na sensa haijatuuliza kabila tangu ile ya 1967. Wanaogopa kwamba leo ni jogoo na makava, kesho ni mapanga. Nawaheshimu, kwa sababu majirani zetu wametuonyesha kinachowezekana. Lakini wamekosea dawa. Ukimnyamazisha yule mshika kamba, huna amani shimoni. Una watu wawili wasiojuana, mmoja gizani. Amani ya Buseresere haitokani na watu kusahau kwamba huyu ni Muha na yule ni Msukuma. Wanakumbushana kutwa nzima, mpaka jambo lenyewe linachakaa na kuwa chombo cha nyumbani kama kata au kinu.

Pingamizi ya tatu ndiyo ninayoiona ngumu: mchekeshaji mwenyewe anaweza kuwa Msukuma. Wapo, na wengine wana vipaji vikubwa. Je, mtu haruhusiwi kujicheka? Anaruhusiwa, na Wasukuma tunajicheka vizuri kuliko mtu yeyote anavyotucheka. Jumanne nilikaa kwa mama lishe, akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Dar.

"Basi ugali nikuletee wa Dar au wa hapa?"

"Tofauti yake nini?"

"Wa Dar ndio huu tunaompa mtoto aonje kama umeiva."

Huo ni utani kuhusu Wasukuma na ulaji wao, mada ileile ya kwenye klipu. Angalia tu nani anapata kicheko. Mpishi anajisifia sufuria yake, na mimi mtoto wa hapa niliyejifanya wa mjini ndiye ninayechekwa, na ninaletewa mlima wa ugali kwa bei ileile. Mchekeshaji wa klipu anachagua mteja mwingine. Anauza kwa watu wa mjini wasioijua lugha, kwa hiyo hahitaji kuisema. Sauti ya kubana pua inatosha. Hiyo ni biashara, na siipingi biashara. Nataka tu iitwe biashara. Mwenye duka akikuuzia kitu kibovu unarudi nacho, anakusikiliza au anakosa mteja. Hakuambii kwamba ninyi ni watani.

Na kama bidhaa ni mbovu hata kwa vipimo vya vichekesho. Huku kwetu kuna vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, vinavyoshindana tangu karne ya 19. Vikikutana uwanjani vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na nyimbo zao zimejaa kejeli kwa mpinzani. Watu wenyewe ndio waamuzi: wanakimbilia upande unaowavutia, na upande unaobaki na nyasi umeshindwa. Mtunzi wa wimbo wa kejeli anajua kwamba anayemkejeli yuko hatua chache kutoka hapo, ana ngoma, ana mtunzi wake, na anakuja kujibu sasa hivi. Kwa hiyo lazima awe mjanja. Klipu haina mpinzani, ndiyo maana imekaa kizembe. Mtu asiyeruhusiwa kujibu hakulazimishi kufikiri. Hata Simba na Yanga, ambao tunawaita watani wa jadi tangu zamani za babu zetu, wanaweza kuitwa hivyo kwa sababu kila mmoja ana dakika 90 za kujibu.

Nadhani tumefika hapa kwa sababu tunakutana kidogo. Kabla ya Daraja la J. P. Magufuli kufunguliwa Juni 2025, aliyetoka Mwanza kuja Geita kwa njia ya Kigongo na Busisi alisubiri kivuko. Simtakii mtu kivuko. Wagonjwa walisubiri pale, na daraja la kilomita 3 ni baraka. Lakini kwenye foleni ile mwenye gari kubwa na mwenye tenga la samaki walikaa jua moja, na ukimcheka mtu ulikuwa bado utakaa naye hadi ng'ambo. Sasa tunavuka kwa dakika chache, kila mmoja na simu yake, tukiwacheka watu ambao hatutakutana nao. Kosa si la daraja. Ila mahali pa kutaniana pamepungua, na hamu ya kucheka haikupungua, ikahamia kwenye kioo cha simu ambako hakuna anayekujibu.

Ijumaa palikuwa na msiba mtaa wa pili kutoka nilipofikia. Marehemu alikuwa mzee, fundi baiskeli, maarufu kwa madeni. Waombolezaji wamekaa kimya, mara akatoka mtani wa familia ndani ya nyumba amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu, na anachechemea vilevile. Akapita mbele ya wanaume mmoja mmoja.

"Nani ananidai? Sema leo. Leo nalipa wote. Nifuateni tu ninakokwenda."

Mjane, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajainua uso, akacheka. Akacheka mpaka akalia, kisha akalia kilio ambacho wanawake waliomzunguka walikuwa wanakisubiri tangu alfajiri, kwa sababu mtu asiyelia huogopesha. Mtani hakuondoka hapo. Ndiye aliyeshuka kaburini kupokea jeneza, na ndiye aliyekuwa na koleo la mwisho. Usiku nilipopita aligawa uji, amevaa koti lilelile, akiwaambia watu wapunguze kunywa kwa sababu marehemu hakuacha hela.

Hivyo ndivyo utani unavyofanya kazi ukiwa mzima. Mtu huyo anaruhusiwa kufanya jambo ambalo kwa mwingine lingekuwa tusi lisilosameheka, kwa sababu amelilipia. Amelilipia kwa koleo.

Kwa hiyo ninataka mambo machache. Wachekeshaji, endeleeni, lakini jifunzeni lugha mnayoiigiza, na mara moja moja mpeni Msukuma wenu neno la mwisho. Mtashangaa klipu itakavyonoga. Walimu wa vyuo, mnaotoa alama za ushiriki, ukicheka sauti ya mwanafunzi umeshamwambia atakachopata. Wenzangu wa darasani, tafuteni neno jingine. Kiswahili kinayo mengi: kejeli, dhihaka, kebehi, masimango. Chagueni linalowafaa, ila lile la wazee liacheni likiwa na maana yake.

Na Wasukuma wenzangu mlioko mjini, mnaocheka klipu hizi kwa nguvu kuliko wengine ili msionekane washamba: acheni kucheka kwa hofu. Jibuni. Mtu akikwambia mnakula sana, muulize kwao wanaonja. Akikujibu tena, mmeanza kuwa watani, na sasa mwulize kwao ni wapi, wazazi wako wapi, na msiba ukitokea nani apigiwe simu. Akinuna au akinyamaza, basi hakuwa amekuja kutania.

Lile swali la kundi la darasa bado sijalijibu, kwamba je, sisi si watani wao? Jibu ni kwamba bado, ila mlango uko wazi. Geita mjini michomoko inajaza tangu alfajiri. Shukeni Buseresere, ulizeni mama lishe yeyote, atawauliza mnataka ugali wa wapi. Kuleni, mchekwe, mjibu. Na mkisikia mahali pana msiba msipite, hata kama hamumjui marehemu. Chukueni koleo.